Pikapu ya Zamani Inapochemsha Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenye pikapu za miaka mingi: Hilux za injini ya 2L na 3L, Peugeot 504, Isuzu KB na TFR, Datsun 1200, L200, na nyinginezo ambazo bado huamka saa tisa usiku kupeleka mboga Marikiti. Injini ya namna hiyo ikianza kupanda joto kupita kawaida, mara nyingi mwenyewe huishia kununua vipuri vitatu vinne ambavyo havikuwa na kosa. Kabla ya kufungua pochi, jua kwanza gari linapanda joto wakati gani. Swali hilo halina gharama yoyote, na majibu mengi hapa chini yanalitegemea.

Sindano ya joto inapaswa kusimama wapi?

Hakuna mahali pamoja kwa magari yote. Injini nyingi za umri huu hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi, lakini dashibodi nyingi hazina namba, zina herufi mbili tu na sindano katikati. Cha maana ni kujua sindano yako husimama wapi siku ya kawaida. Ukipandisha mzigo kutoka Kangemi kuelekea Limuru ikainuka kidogo, kisha ikarudi ulipofika tambarare, hiyo ni kazi ya kawaida. La kuhofia ni sindano iliyobadilisha tabia: mwezi uliopita ilisimama katikati kwenye njia ile ile na mzigo ule ule, leo inakaribia nyekundu.

Kuna jambo la hatari ambalo madereva wengi hawaambiwi. Sensa ya joto husoma maji. Maji yakipungua hadi sensa ikabaki hewani, sindano inaweza kushuka huku injini inaungua. Sindano iliyopanda kisha ikaanguka ghafla, hita nayo ikipuliza baridi, si nafuu. Simama.

Nashuku geji ndiyo inayonidanganya. Nitahakikishaje?

Washa taa kubwa, kisha feni ya hita, ukitazama sindano. Ikiruka kila unapowasha kitu, shida huenda iko kwenye waya wa athi au umeme unaolisha dashibodi, na injini haina hatia. Magari ya zamani hupata hili sana kwa sababu athi kati ya injini na bodi imeota kutu au fundi aliisahau alipotoa injini.

Njia ya uhakika ni kipimajoto cha kulenga, kile kinachoonekana kama bastola ndogo. Lenga chuma cha nyumba ya themostati (valvu inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto) injini ikiwa na moto wake wa kawaida. Chuma kinachong'aa hudanganya kipimo, kwa hiyo bandika kipande cha tepu nyeusi na ulenge hapo. Ukisoma nyuzi 85 na sindano imegusa nyekundu, badilisha sensa, na uache rejeta yako kwa amani.

Kwa nini fundi mzuri huuliza "linachemsha lini" kabla ya kufungua boneti?

Kwa sababu mfumo wa kupooza una kazi mbili tofauti: kusukuma maji ndani, na kupitisha hewa nje. Hali ya barabara hukuonyesha ni kazi gani iliyoshindwa.

Gari likichemsha kwenye foleni ya Jogoo Road lakini likatulia ukishika mwendo, hewa ndiyo inayokosekana. Ukienda kasi upepo wa barabara hufanya kazi ambayo feni ilishindwa kuifanya. Kinyume chake, likikaa vizuri kwenye foleni lakini likapanda joto ukiwa kilomita 90 kwa saa Thika Road au ukikwea mlima na mzigo, maji hayazunguki ya kutosha au rejeta haiwezi kutoa joto lote: rejeta imeziba, themostati haifunguki yote, pampu imekula mapanga yake, au mpira wa chini wa rejeta unafyonzwa ukajifunga.

Likipanda joto dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, likiwa limelala usiku kucha, fikiria themostati iliyokwama ikiwa imefungwa, maji machache mno, au gesi ya silinda inayoingia kwenye maji kupitia gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na hedi, kifuniko cha juu cha injini). Na likichemsha wakati wote, mahali popote, angalia kwanza kiwango cha maji na mkanda wa feni kabla ya kuwaza makubwa.

Andika kwenye simu yako: saa, barabara, mzigo, gia, sindano ilifika wapi, hita ilikuwa inapuliza moto au baridi. Maelezo hayo yatamwezesha fundi kuanza karibu na kosa lenyewe.

Linachemsha kwenye jam tu. Nianzie wapi?

Mkanda kwanza. Injini ikiwa imezimwa, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya kama sentimita moja, umelegea. Mkanda unaong'aa pembeni umekuwa ukiteleza hata kama umekazwa.

Kisha feni. Pikapu nyingi za dizeli zina klachi ya feni yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imepata moto kisha ukaizima, izungushe feni kwa mkono: inapaswa kukataa kidogo. Ikizunguka bure kama haijashikwa na kitu, klachi imekufa. Alama za mafuta yaliyotapakaa usoni mwa klachi husema hivyo hivyo. Klachi nzima utaisikia pia: ukikwea mlima gari likipata moto, feni hunguruma, halafu hunyamaza. Usijaribu kupima feni kwa mkono, kitambaa au kijiti injini ikiwa inawaka.

Peugeot 504 nyingi zina mfumo wake: feni hushikwa na sumaku ya umeme joto likifika kiwango. Waya ukikatika au brashi ikiisha, feni huzunguka kivivu, na mwenye gari hulaumu rejeta.

Usisahau kava ya plastiki inayozunguka feni. Injini ikitolewa, kava hiyo huachwa gereji mara nyingi, eti haina kazi. Bila kava feni hujizungushia hewa ile ile ya moto pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kama gari lako halina kava, tafuta moja kwa wauza vipuri wa Grogan kabla ya kununua rejeta.

Na kama feni iliwahi kutolewa, hakikisha haikurudishwa kinyumenyume.

Pikapu ilikuwa Mombasa miaka mingi bila shida. Imefika Nairobi ikaanza kutapika maji. Kwani huku si baridi zaidi?

Ni baridi zaidi, lakini tuko juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku hufanya maji yachemke karibu nyuzi 94, wakati Mombasa huchemka 100. Ukifika Limuru ni karibu 93. Sasa kumbuka kwamba themostati nyingi hufunguka kabisa karibu nyuzi 95. Maana yake ni kwamba, kama mfumo hauna shinikizo, injini yenye afya kamili Nairobi inafanya kazi karibu kabisa na mahali ambapo maji yake yangechemka.

Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye alama 0.9 hushikilia shinikizo la bar 0.9 juu ya lile la hewa, na kwa hapa Nairobi husogeza kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu nyuzi 115. Kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, huongeza nyingine kadhaa juu ya hapo. Mpira wa kifuniko ukichakaa, nafasi yote hiyo inapotea. Mombasa gari lingevumilia kifuniko kibovu kwa muda. Nairobi haliwezi, na huko Kinangop kwenye viazi haliwezi kabisa.

Ndiyo maana pikapu inaweza kutapika maji sindano ikiwa haijafika nyekundu. Injini haina joto la kupita kiasi. Maji ndiyo yamechemka mapema.

Tena, hewa nyepesi hubeba joto dogo zaidi kila feni inapozunguka. Ubaridi wa Nairobi hufidia sehemu ya hasara hiyo, na ndiyo sababu mifumo mizima haisumbuki huku. Iliyochoka hujionyesha.

Nitajuaje kifuniko kimekufa?

Tazama mipira: iliyopasuka, iliyokauka au yenye alama nzito ya duara haishiki. Vuta kwa kidole kile kivalvu kidogo cha katikati; kinapaswa kufunguka na kurudi chenyewe. Kivalvu hicho hurudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini ikipoa. Kikikwama, asubuhi utakuta mpira wa rejeta umenywea na chupa imejaa huku rejeta ina pengo.

Gereji zenye pampu ya kupimia shinikizo hukipima kwa dakika moja. Unaponunua kipya, soma namba ya kile kilichotoka na gari na uchukue hiyo hiyo, 0.9 kwa 0.9. Kuweka cha 1.3 kwenye rejeta ya miaka 30 ni kutafuta mahali pake dhaifu pa kupasukia.

Makanika ameniambia nitoe themostati kwa sababu "hapa Afrika haina kazi". Nimsikilize?

Hapana. Ushauri huu umeharibu injini nyingi mjini kuliko watu wanavyofikiri, na wanaoutoa si wabaya. Wanaamini kwa dhati. Gari likitolewa themostati mara nyingi sindano hushuka, mteja anafurahi, na kosa halisi linabaki pale pale likiendelea kukua.

Bila themostati injini hukaa baridi mno asubuhi za Julai na kwenye mteremko. Injini baridi hunywa mafuta zaidi, dizeli hutoa moshi, oili hukusanya unyevu na masizi, na silinda huchakaa haraka. Hilo ni la polepole, kwa hiyo hakuna anayeliunganisha na themostati.

La haraka ni hili. Injini ina njia mbili za maji: fupi, inayozunguka ndani ya injini tu wakati wa kupasha moto, na ndefu, inayopitia rejeta. Baadhi ya injini zina themostati yenye sahani ya pili upande wa chini, na kazi ya sahani hiyo ni kufunga njia fupi wakati ile ndefu inafunguka. Ukiiondoa themostati hiyo, njia fupi inabaki wazi daima, na sehemu kubwa ya maji ya moto hurudi injini bila kuiona rejeta. Gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo, hasa likibebeshwa. Ukitoa themostati ukaona ina sahani mbili, usiruhusu gari litoke bila kurudishiwa nyingine.

Chagua yenye namba ya joto iliyopigwa muhuri kama ile ya kwanza, kwa kawaida 82 kwenye pikapu nyingi za Kijapani za wakati huo. Kitundu chenye kipini kidogo kinachocheza kikae juu, kwa sababu hewa hutokea hapo.

Naweza kupima themostati jikoni?

Unaweza. Iningʼinize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha moto polepole. Ya 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu hapo, nyuzi mbili tatu juu au chini.

Angalizo kwa mkaaji wa Nairobi: maji ya sufuria yako hayatapita nyuzi 94. Themostati inayotakiwa kufunguka kabisa ikifika 95 huenda usiione ikifunguka yote, na ile ya 88 utaiona ikifunguka kidogo tu. Usiitupe kwa sababu hiyo. Ya kutupa ni isiyofunguka hata kidogo, inayofunguka kwa kuchelewa sana, au isiyofunga ikipoa.

Maji ya mfereji, ya kisima, au kulanti?

Kulanti, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini. Watu husema Nairobi hakuna barafu, kwa hiyo kulanti ya nini. Kuzuia barafu ni kazi moja tu ya kulanti. Ndani yake mna dawa za kuzuia kutu, na hupandisha kiwango cha kuchemka, jambo ambalo tumeona kwamba huku juu lina uzito wake.

Maji ya mfereji yanayotoka Ndakaini si magumu sana, lakini bila dawa yatatengeneza kutu tu kwenye bloku ya chuma. Ya kisima huacha madini kwenye mirija ya rejeta. Rejeta iliyoziba Nairobi mara nyingi ni historia ya miaka ya kuongezwa chochote kilichopatikana kwenye mtungi.

Uwe mwangalifu na chupa za maji ya rangi zinazouzwa kandokando ya barabara. Rangi haithibitishi kitu. Soma kama imeandikwa ni ya kuchanganya au iko tayari, nunua kwenye duka unaloweza kurudi, na usichanganye aina mbili. Baadhi zikikutana huganda kama uji ndani ya rejeta. Ukibadilisha aina, osha mfumo kwanza.

Rejeta imeziba. Nioshe, nifungue au ninunue mpya?

Inategemea imeziba wapi. Kwa nje, matope ya msimu wa mvua, mbegu za nyasi na wadudu hujaa kati ya mapezi, hasa nafasi iliyo kati ya rejeta na kondensa ya AC ambapo hakuna anayetazama. Oshea kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa maji ya nguvu ndogo. Mashine ya kuoshea magari ikipigwa karibu hulaza mapezi yote, na rejeta iliyolala mapezi haina tofauti na iliyoziba.

Kwa ndani, pitisha kipimajoto cha kulenga usoni mwa rejeta injini ikiwa ya moto. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotoka. Ukikuta kipande cha baridi katikati, mirija ya hapo imekufa.

Rejeta ya shaba nyekundu na njano ina bahati: fundi wa rejeta anaweza kutoa tangi la juu, akachokonoa mirija kwa waya bapa, akalehemu upya. Kazi hiyo bado inafanywa vizuri Kariobangi Light Industries na Grogan. Muulize amechokonoa mirija mingapi na ameziba mingapi, kwa maana kuna anayeziba mirija inayovuja moja baada ya nyingine hadi rejeta inabaki nusu. Ya alumini yenye matangi ya plastiki haichokonoleki hivyo. Ikiziba sana, nunua nyingine, yenye unene ule ule. Rejeta nyembamba ya bei rahisi huingia kwenye nafasi yake vizuri kabisa, kisha hushindwa mlima wa kwanza.

Maji yanapungua lakini sioni tone chini. Yanaenda wapi?

Yanaweza kuvuja injini ikiwa ya moto tu na kukauka papo hapo, yakaacha alama nyeupe au ya kijani. Tafuta alama hizo kwenye maungio ya mipira, chini ya pampu ya maji penye kitundu kidogo cha kutoa machozi, na kwenye vizibo vya bloku nyuma ya injini. Zulia la abiria likiwa na unyevu wenye harufu tamu, ni rejeta ndogo ya hita.

Mwambie fundi apige shinikizo mfumo ukiwa baridi, kwa kipimo cha kifuniko chako, aache kwa robo saa. Ikishuka na hakuna kilicholowa nje, maji yanaingia ndani ya injini.

Ishara za gasketi ya hedi ni zipi hasa?

Washa injini baridi kabisa, kifuniko kikiwa kimefunguliwa kabla ya kuwasha. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kuisha, na kuzidi ukikanyaga mafuta, ni dalili nzito. Au acha kifuniko kimefungwa, washa, na ushike mpira wa juu: ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili wakati maji bado ni baridi, shinikizo hilo linatoka kwenye silinda, si kwenye joto.

Nyingine ni moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee hautoshi kuhukumu. Gari linalokwenda safari fupi wakati wa baridi ya Julai hutengeneza unyevu hapo bila kosa lolote.

Kabla ya kukubali hedi itolewe, omba kipimo cha dawa ya buluu. Mvuke wa rejeta hupitishwa kwenye dawa hiyo, na gesi ya injini ikiwepo rangi hubadilika. Kwa petroli huelekea njano. Ni kazi ndogo sana ikilinganishwa na kufungua injini nzima.

Hedi ikishatolewa, nidai nini?

Dai ipimwe unyofu kwa rula ya chuma na vipimo vya unene, na ipimwe nyufa kwa shinikizo kabla ya kuskimu, yaani kusawazisha uso wake kwa mashine. Kuskimu hedi iliyopasuka ni kutupa pesa. Injini ya 2L-T ya Toyota na 4D56 ya Mitsubishi zinajulikana kwa hedi kupasuka zikishachemshwa, kwa hiyo kwa hizo usikubali neno la macho tu.

Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa hatua na mpangilio wa kitabu cha injini hiyo, kuanzia katikati kwenda nje. "Nimezoea mkono wangu" si jibu.

Kwenye Peugeot 504 kuna la ziada. Silinda zake ni laina zilizochomekwa, maji yakizizunguka. Hedi ikishatoka, laina zishikiliwe kwa vibanio kabla ya mtu kuzungusha injini. Zikiinuka, maji yataingia kwenye oili hata kama gasketi ni mpya.

Na kosa lililosababisha kuchemsha litafutwe kabla gari halijatoka. Gasketi mara nyingi ni majeruhi wa kwanza, si chanzo.

Limechemsha sasa hivi, niko Mombasa Road. Nifanye nini?

Zima AC, fungua hita yote kwa moto mkubwa na feni ya juu. Hita ni rejeta ndogo na inaweza kukupa mita za kufika mahali salama. Toka barabarani. Ukiona mvuke, zima injini mara moja. Weka pembetatu zako nyuma.

Usifungue kifuniko. Maji yaliyo chini ya shinikizo yakifunguliwa hugeuka mvuke kwa ghafla na kuruka usoni. Subiri angalau nusu saa, bora zaidi, hadi mpira wa juu uwe laini na unaoshikika kwa mkono mtupu, kisha fungua kwa kitambaa kinene, kidogo kidogo hadi kwenye kituo cha kwanza. Ongeza maji polepole. Maji baridi yakimwagwa kwa wingi ndani ya injini inayoungua yanaweza kupasua hedi, na kuimwagia nje hakusaidii.

Kama maji yanapotea haraka kuliko unavyoyaongeza, ita gari la kuvuta. Gharama yake ni ndogo kuliko ya injini.

Tumebadilisha vitu vyote na bado. Kuna nini tena?

Hewa iliyonaswa. Egesha pua ikiwa juu, fungua hita, acha kifuniko wazi injini ikiwa baridi, washa na uongeze maji hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe.

Kisha toka nje ya mfumo wa maji. Kwa petroli, taimingi iliyochelewa au kabureta inayotoa mafuta machache huongeza joto. Kwa dizeli, pampu iliyofunguliwa ili "ipate nguvu" humwaga mafuta kuliko hewa ya Nairobi inavyoweza kuyachoma. Moshi mweusi mlimani ndio ushahidi. Eksozi iliyoziba, breki zinazoshika, klachi inayoteleza, zote hulazimisha injini kufanya kazi ya ziada. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa: ile yenye joto kuliko nyingine ina breki inayoshika.

Lilichemsha Februari, likapona lenyewe Juni. Nipuuze?

Halikupona. Hali ya hewa ilipoa tu. Rejeta iliyobakiwa na nguvu kidogo hutosha wakati wa baridi na hushindwa kati ya Januari na Machi. Tumia Julai kurekebisha, mafundi wa rejeta wakiwa hawana foleni.

Niweke feni ya umeme?

Kwa pikapu inayobeba mizigo, feni ya injini yenye klachi nzima na kava yake ni bora kuliko feni nyingi za umeme za kubahatisha. Ukiamua kuweka, weka rilei, fyuzi na swichi ya joto. Feni iliyoungwa moja kwa moja kwenye swichi ya funguo imeunguza waya za magari mengi.

Kulanti ya zamani niimwage wapi?

Si mtaroni wala uani. Aina nyingi zina sumu yenye ladha tamu. Mbwa huilamba, na mtoto anaweza kuinywa. Ikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko na alama, uuweke mahali mtoto hafiki, na uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu na vimiminika vya magari.